Msiba wa Pili wa Mwanamkuu binti Abeid

Masheikh na walimu wetu, wazee wa Bweni, wageni mliovuka kutoka Jibondo na mliotoka Kilindoni kwa barabara hii mnayoijua ilivyo, na akina mama mlioko uani, familia inawasalimu kwa salamu ya amani, na kabla jeneza halijanyanyuliwa inawaomba mtulie kidogo msikie maisha ya binti yetu. Wengi wenu mliwahi kusikia historia nyingine ya Mwanamkuu, fupi na ya kutoa machozi, iliyosemwa redioni miaka mitano iliyopita, na ndiyo maana hii ya leo imeandikwa kwa tarehe na kwa mahali, na anayewasomea ni kaka yake wa tumbo moja, Taufiki, ambaye kila kilichomo humu ama alikishuhudia mwenyewe ama aliambiwa na aliyeshuhudia.

Marehemu Mwanamkuu binti Abeid Haruni alizaliwa hapa Bweni tarehe 12 Mei 1996, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Abeid Haruni, mkwezi na mkulima wa minazi, na Bi Mize binti Iddi. Wiki hiyo hiyo, katika nyumba ya jirani, Bi Umi mke wa Mzee Shaabani naye alijifungua mtoto wa kiume akaitwa Zubery, lakini Bi Umi aliugua baada ya uzazi, maziwa yakamkauka, na Bi Mize akamchukua yule mtoto mchanga, akamweka ziwa moja na binti yake ziwa la pili, akawalea hivyo mpaka wote wawili walipoachishwa. Kwa dini yetu hao walikuwa ndugu kamili wa kunyonya, wasiooana, wasiooneana haya, wanaoweza kukaa chumba kimoja na kusafiri pamoja bila mtu kunyanyua nyusi, na familia inalitaja jambo hili mapema kwa sababu bila ya hilo yaliyofuata hayafahamiki.

Alianza elimu ya msingi hapa Bweni mwaka 2004 akamaliza 2010, akaendelea na sekondari mwaka 2011 mpaka alipohitimu kidato cha nne mwaka 2014, na wakati wote huo alisoma madrasa, ambako mwalimu alimweka mbele ya wenzake kwenye kasida tangu akiwa na miaka tisa, kwa kuwa sauti yake ilikuwa inatangulia ya kila mtu bila yeye kupiga kelele. Waliokuwapo Maulidi ya mwaka 2009 watakumbuka kwamba wapiga dufu walisahau kupiga, wakabaki wamezishika dufu zao wanamsikiliza.

Baada ya shule hakutaka kuolewa wala kwenda chuo. Siku moja mwanzoni mwa mwaka 2015 alimfuata baba yake kiungani, akamkuta anafua nazi, akamwambia, "Baba, mimi nataka kuimba."

Mzee Abeid hakuinua kichwa. "Si unaimba?"

"Nataka iwe kazi yangu."

"Kazi ya kuimba inafanyiwa wapi?"

"Kwanza Kilindoni, halafu Dar es Salaam."

"Na nani?"

"Na Zubery."

Mzee alifua nazi nyingine, akaitupa kwenye lundo, akasema, "Kama ni na kaka yako, nendeni. Yeye ndiye macho yangu huko." Na ruhusa hiyo, iliyotolewa na mtu ambaye hakuwahi kupenda muziki hata siku moja, marehemu aliithamini kuliko cheti chochote.

Mwezi Juni mwaka huo walihamia Kilindoni, Zubery akiwa na gitaa alilolinunua kwa kufanya kazi ya upakiaji bandarini, Mwanamkuu akiwa na sauti yake tu, na akapata ajira katika duka la vifaa vya simu la Bwana Kumail Alihussein. Bwana Kumail aliwapa ghala la nyuma ya duka wafanyie mazoezi baada ya saa za kazi, akawarekodia nyimbo zao kwenye kompyuta yake, na mama yake, Bi Kulsumbai, alikuwa akiteremka ngazi taratibu na kiti chake cha plastiki, anakaa mlangoni mwa ghala anasikiliza, na wakikosea anatikisa kidole. Wakajiita Nuru ya Bweni, kwa ajili ya mnara wa taa ulioko kijijini kwetu, wakaimba kwenye harusi za Kilindoni, za Utende na za Jibondo, na mgawanyo wao wa kazi ulikuwa wazi kwa kila aliyewajua, kwamba Zubery alipiga gitaa na kuitikia, na Mwanamkuu alitunga maneno na kuimba.

Wimbo wa "Nisubiri Gatini" aliutunga mwezi Oktoba mwaka 2018, siku alipokuwa gatini Kilindoni anamngojea kaka yake Taufiki aliyekuwa akirudi kutoka Nyamisati, chombo kimechelewa, watu wamechoka, na mwanamke mmoja pembeni yake anampikia mumewe maneno atakayomwambia akishuka. Ni wimbo wa kuchekesha kidogo, wa mke anayemwahidi mume kuwa naye ipo siku atasafiri amwache yeye akingoja, na kiitikio chake mnakijua nyote, "Nisubiri gatini, maji yakijaa naja." Mwaka uliofuata ulipigwa sana hapa kisiwani, kila bodaboda ikiupiga, na mwezi Januari 2020 studio moja ya Dar es Salaam ikawaita wote wawili.

Walikuwa wafunge safari mwezi Februari. Siku chache kabla, Bi Mize aliteleza kisimani akavunjika nyonga, na Mwanamkuu akarudi Bweni kumuuguza, akamwambia ndugu yake, "Tangulia wewe, peleka nyimbo tulizorekodi kwa Kumail wazisikilize, mama akisimama nakuja." Zubery alikuja hapa nyumbani tarehe 8 Februari 2020 kuaga, akapiga magoti kitandani pa Bi Mize, akaombewa dua, na Bi Mize akamfungia kwenye kitambaa visheti vya safari alivyowaagiza majirani wampikie.

Miezi ile Mwanamkuu alimwogesha mama yake, akampikia, akamfundisha kutembea tena kwa kumshikilia ukutani, na jioni aliongea na Zubery kwa simu, akimuuliza habari za studio, naye akimjibu kwamba mambo yanakwenda taratibu, wimbo umetolewa lakini redio hazijaupokea. Kufikia Julai Bi Mize alikuwa anatembea kwa mkongojo, mke wa Taufiki akachukua zamu ya kumtazama, na marehemu akarudi dukani Kilindoni kujiandaa kwa safari, begi akiwa ameshalinunua na nguo akiwa ameshazikunja ndani yake.

Jumamosi ya tarehe 22 Agosti 2020, mchana, redio moja ya Dar es Salaam ilimhoji Zubery. Hapa Bweni redio zilifunguliwa kwa sauti kubwa, Bi Mize amewekewa kiti barazani, majirani wamejaa, watoto wamenyamazishwa. Mtangazaji alimsifu, kisha akamuuliza, "Na hii sauti ya kike inayotutoa machozi, ni ya nani?"

Zubery akasema, "Ni ya dada yangu, Mungu amrehemu. Alikufa maji akivuka kwenda Jibondo kuimba harusini. Huu wimbo ndio wa mwisho kuuimba."

Wimbo ukapigwa, na maneno yale yale ya mke anayemtania mumewe, maji yakijaa naja, nchi nzima ikayasikia kama sauti ya mtu anayeita kutoka chini ya bahari.

Hapa nyumbani Bi Mize alianguka kutoka kwenye kile kiti. Hakuna aliyewaza kwamba ni uongo, kwa sababu aliyesema alikuwa ndugu wa marehemu, mtoto wa nyumba hii, na watu walisema kwamba huenda ajali imetokea asubuhi ile na habari zimefika Dar es Salaam kabla ya kufika Bweni, na simu ya Mwanamkuu ilipopigwa haikupatikana. Majamvi yakatandikwa, akina mama wakajifunga kanga, wakaangua kilio, wengine wenu mnaonisikiliza mlikuwa hapa mkilia, na Mzee Abeid akapanda bodaboda kwenda Kilindoni kuutafuta mwili wa mwanawe.

Alimkuta dukani anamuuzia mteja chaja. Bwana Kumail anasimulia kwamba Mzee aliingia bila salamu, akazunguka meza, akamshika binti yake uso kwa mikono miwili, akampapasa mashavu na nywele kama mtu anayetafuta kitu gizani, na akarudia kumuuliza, "Ni wewe? Ni wewe mwenyewe?" Na Mwanamkuu, asiyejua lolote, akasema, "Shikamoo baba, kuna nini, mama amezidiwa?" Dereva wa bodaboda ndiye aliyeeleza, na simu ya Mwanamkuu ilikuwa imezimika kwa kuishiwa chaji, mle mle katika duka la chaja.

Alimpigia Zubery kwa simu ya Bwana Kumail, mbele ya baba yake. Alimuuliza, "Zubery, mimi nimekufa lini?"

"Dada, sikiliza," Zubery akasema, "ni mambo ya biashara tu, meneja ndiye aliyepanga. Wimbo ulikuwa umelala, hakuna aliyeutaka. Tangu mchana huu hawapumziki kuupiga. Kaa kimya kidogo tu, tutakuja kurekebisha."

"Na mama ulimwambia?"

"Mama ataelewa."

"Mama amelala chini, Zubery, wanampepea. Rudi pale pale ulipolisemea, useme nipo."

"Nikisema hivyo nimekwisha," akajibu, na akakata simu.

Wanaomfahamu marehemu watashuhudia kwamba hakulia siku ile, alimalizia kazi yake, akapanda nyuma ya bodaboda na baba yake kurudi Bweni ili mama yake amwone kwa macho, na alipoingia hapa uani akina mama wengine walikimbia. Bi Mize hakukimbia. Alimlaza mapajani kama mtoto mchanga, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, akamshikilia hivyo mpaka majamvi yalipokunjwa na watu wakatawanyika.

Alingoja arekebishiwe, hakurekebishiwa. Mwezi Januari 2021 alikwenda Dar es Salaam akisindikizwa na Taufiki, akiwa ameamua kwamba kama Nuru ya Bweni imezimwa basi ataanza peke yake, kwa jina lake. Katika studio ya kwanza iliyokubali kumsikiliza aliimba nyimbo mbili mpya, na kijana aliyekuwa akirekodi akavua vitu vyake vya masikioni, akasema kwa upole, "Una kipaji, dada, lakini unamwiga yule marehemu. Tafuta sauti yako mwenyewe."

"Yule marehemu ni mimi," Mwanamkuu akasema.

Kijana akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Studio ya pili wakamwambia hivyo hivyo, na ya tatu haikufungua mlango. Kule redioni mtangazaji aliyefanya yale mahojiano alikubali kuonana naye, akamtazama sana, akasikiliza sauti yake, na Taufiki aliyekaa pembeni aliona kwamba yule bwana ameamini, lakini alichosema ni hiki, "Dada, watu wamekulilia. Misikitini umesomewa dua. Leo nikiwaambia ulikuwa mzima, nani ataniamini tena kesho?" Akawapa chai, akawatoa mpaka getini.

Jioni ile walikwenda kwa Zubery, nyumba ya kupanga yenye geti jeusi. Alifungua mwenyewe, akawaingiza haraka, akawapa maji ya baridi, akawauliza habari za mama na za nyonga yake, kama mtu mwenye mapenzi, na yawezekana mapenzi alikuwa nayo. Mwanamkuu hakumgombeza. Alimwambia, "Sitaki kitu chako chochote. Nataka kuimba, na sina sauti ya kuimbia, kwa sababu yangu umeizika."

Zubery akasema, "Nipe muda. Lakini leo mkitoka, vaa nikabu, kuna watu hapa mtaani wanaijua sura yako kwenye picha."

Marehemu akaiweka bilauri mezani ikiwa na maji yake, akatoka kama alivyoingia, uso wazi, akatembea mtaa mzima katikati ya barabara, na hakuna hata mtu mmoja aliyemtambua. Hilo ndilo lililomuuma, alimwambia kaka yake wakiwa safarini kurudi, kwamba alitembea akiomba moyoni mtu mmoja tu apige kelele kwamba amemwona maiti.

Alirudi Kilindoni akaendelea na kazi dukani, na akaanza kuwafundisha kasida mabinti, kwanza Kilindoni na baadaye Jibondo. Tarehe 17 Desemba 2021 aliolewa hapa Bweni na Bwana Hemedi, fundi wa kuunda majahazi na mtu wa Jibondo, akahamia kwao, akajifunza kuyatumia maji kwa kipimo kama wenyeji wa kule wanavyojua, kwa kuwa kisiwani kule maji ya kunywa ni haba, na tarehe 3 Machi 2023 Mwenyezi Mungu akawajaalia mtoto wa kike, Sabra, ambaye yuko hapa leo mgongoni mwa shangazi yake. Kwenye harusi aliimba kila alipoalikwa, nyimbo za zamani na zake mpya, ila mtu akimtaka aimbe "Nisubiri Gatini" alikuwa akitabasamu na kusema, "Huo uimbeni nyinyi, mimi sikuachiwa ruhusa na marehemu," watu wakicheka, na yeye akicheka nao, lakini Hemedi anasema kwamba usiku wa siku hizo alikuwa hapati usingizi.

Maradhi yake yalianza wakati wa ujauzito wa Sabra, pumzi ikimkatika na miguu ikivimba, ikadhaniwa ni mimba, lakini baada ya kujifungua hali haikurudi, na madaktari wa Kilindoni wakagundua kwamba vali ya moyo imeharibika, pengine tangu homa za utotoni. Alipelekwa Dar es Salaam mara tatu, na mara ya mwisho alilazwa tarehe 19 Julai 2025 akingojea kufanyiwa upasuaji. Wodini siku moja muuguzi kijana, mtoto mwema aliyempenda, alikuwa anambadilishia shuka huku simu yake ikipiga wimbo, akasema, "Huu wimbo nikiusikia nalia. Maskini, aliyeuimba alikufa maji." Hemedi alifungua mdomo, marehemu akambana mkono. Akausikiliza mpaka ukaisha, macho yakiwa darini, akasema, "Alikuwa anaimba vizuri."

Taufiki alimpigia Zubery kumwambia kwamba dada yake ni mgonjwa na yuko mji mmoja naye, naye akaahidi kuja Jumapili. Jumapili ile Mwanamkuu aliomba aogeshwe mapema, akavaa kanga mpya, akapaka wanja, akaegemezwa mito, na kila mlango wa wodi ulipofunguka alitazama. Saa za kuwaona wagonjwa zilipokwisha alifika dereva wa bodaboda na kikapu cha matofaa na juisi, na salamu kwamba bwana mkubwa amebanwa. Matofaa yale marehemu aligawia wagonjwa wenzake, hakuonja hata moja, na hakumtaja tena Zubery mpaka Bi Mize alipofika kumuuguza.

Kwa mama yake alisema maneno haya, na Bi Mize ametaka yasomwe kama yalivyosemwa, "Mama, kwa yale ya udugu nimemsamehe, tulinyonya pamoja, sitaki akaulizwe kwa ajili yangu. Lakini lile neno alilolisema mbele za watu, simfutii mimi. Alilitoa mwenyewe kwa mdomo wake, alirudishe kwa mdomo wake."

Mwanamkuu binti Abeid alifariki dunia Alhamisi ya tarehe 14 Agosti 2025, asubuhi, kabla ya zamu yake ya upasuaji kufika, mumewe na mama yake wakiwa kando ya kitanda. Hakufa maji. Mwili umevushwa jana kutoka Nyamisati, na leo Ijumaa, baada ya swala, tunamzika hapa Bweni kwa idhini ya mumewe.

Zubery amefika leo asubuhi kwa ndege, na yuko pamoja nasi hapa, amekaa upande wa kulia karibu na mnazi. Alipoingia uani alipiga magoti mbele ya Bi Mize, akasema, "Shikamoo mama," na Bi Mize akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo kweli." Alipoomba asimame kusema machache kuhusu dada yake, Mzee Abeid alijibu kwamba jeneza atabeba, na kaburini atashuka kwa kuwa ni maharimu wake, lakini hapa uani hakuna aliyepungukiwa na maneno yake, wanaoyangoja wako kwingine. Familia haina la kuongeza juu ya hilo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilindoni na wa Dar es Salaam, pamoja na yule muuguzi kijana, ambaye huenda hajui mpaka leo alimtandikia nani. Inawashukuru Bwana Kumail na Bi Kulsumbai, aliyeshindwa kuja kwa uzee lakini ametuma kile kiti chake tukikalie, mabinti wa kasida wa Kilindoni na Jibondo, mafundi wenzake Hemedi waliosimamisha kazi na kuvuka, na majirani wa Bweni, ambao mmetandika majamvi kwa ajili ya mtu mmoja mara mbili na hamkulalamika. Kama marehemu alimkosea mtu, tunaomba mumsamehe, na mwenye jambo lolote naye amwone Hemedi au Taufiki.

Mwanamkuu, binti wa Abeid na Mize, mke wa Hemedi, mama wa Sabra, mwimbaji, uliishi miaka yako ishirini na tisa yote, na ile mitano waliyokunyang'anya ulikuwa nayo, tulikuona unaiishi. Pumzika kwa amani, mwanetu, na safari hii hatuji kukuamsha.